Dawa ya kusafishia mtutu wenye kromu: ogopa kinachostahili kuogopwa

Wengi wanaoniletea bunduki zenye mtutu uliopakwa kromu (madini magumu yanayong'aa) kwa ndani huja wakiogopa amonia. Hofu hiyo ina ukweli kidogo, ila imeelekezwa pasipo. Amonia haili kromu, inakula shaba, na ndiyo maana imo kwenye dawa nyingi za mitutu: huyeyusha shaba iliyokwanguka kwenye risasi ikagandamana na kuta za ndani.

Hatari iko chini ya kromu. Utando wenyewe ni mwembamba, sehemu ndogo tu ya milimita, na tangu unapotoka kiwandani una nyufa ndogondogo zisizoonekana kwa macho. Si kasoro, kromu ngumu ndivyo ilivyo. Kadiri bunduki inavyopigwa, joto huzitanua nyufa hizo, hasa mbele tu ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, ambako moto wa baruti ni mkali kuliko kwingine kote. Dawa yenye maji na amonia ikiachwa humo usiku kucha hupenya hadi kwenye chuma. Kutu huanzia huko chini huku juu kunang'aa, na siku moja utando unaanza kubanduka vipande vipande. Kwa hiyo dawa za amonia nazitumia, lakini kwa dakika zile zilizoandikwa kwenye chupa tu, madirisha yakiwa wazi. Kisha nafuta hadi kitambaa kitoke kikavu, ndipo napitisha mafuta.

Asidi ni habari nyingine kabisa. Asidi ya hidrokloriki ndiyo mafundi wanayotumia kuvulia kromu wakitaka kuipaka upya, na imo ndani ya baadhi ya dawa za kutoa kutu na za kusafishia vigae. Soma lebo, ukiikuta, chupa hiyo isikaribie bunduki. Vifaa vya kusafishia mtutu kwa umeme navyo naviweka kando, kwa kuwa kromu huvuliwa pia kwa umeme ndani ya magadi makali. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo inatafuna chuma, na ikikutana na amonia hutoa hewa ya sumu. Sijui nani alianza kuipendekeza.

Kwa masizi ya kawaida huhitaji ukali wote huo. Kiyeyusho cha mafuta kisicho na amonia kinatosha, hata mafuta ya taa yanafanya kazi vizuri, mradi ukumbuke kwamba yanashika moto na kwamba hayakai kulinda chuma kama mafuta ya bunduki. Petroli hapana. Mvuke wake unawaka upesi mno, tena una benzini, kemikali ya sumu.

Kuna uchafu mmoja ambao mafuta hayauwezi. Risasi za kijeshi za zamani nyingi zina fataki (kile kidude cha kitako kinachowasha baruti) yenye klorati ya potasiamu, na ikilipuka huacha chumvi inayovuta unyevu wa hewani. Chumvi hiyo huyeyuka kwa maji. Basi maji ya moto kwanza, kukausha, halafu mafuta, siku hiyohiyo. Na usiishie kwenye mtutu: kwenye bunduki zinazojipakia kwa gesi ya baruti, njia ya gesi hiyo mara nyingi haina kromu, na ndiko ninakokuta kutu mbaya zaidi kwenye bunduki ambazo wenyewe waliamini kromu imewamalizia kazi.

Utajuaje kuwa shaba imekwisha? Kitambaa cheupe kikitoka na rangi ya buluu, bado ipo. Lakini ukiwa umetumia burashi ya shaba, buluu hiyo huenda inatoka kwenye burashi yenyewe, na utasugua mchana kutwa ukifukuza uchafu usiokuwepo. Kwa dawa za amonia chukua burashi ya nailoni, na kishikio cha kitambaa kisiwe cha shaba. Rangi ya buluu hafifu mimi huiacha. Shaba kidogo haiharibu shabaha, kukwangua kupita kiasi ndiko kunakoharibu.

Bunduki iwe tupu kabla ya kufungua chupa yoyote, na risasi ziwe chumba kingine. Si kwa usalama wako tu: mvuke wa amonia hupasua maganda ya risasi ya shaba. Waingereza waliyaona hayo India, pale maganda yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipopasuka majira ya mvua, na kisa kikaja kujulikana kuwa ni amonia ya mikojo ya wanyama hao.