Kukosa Shabaha Huanzia Kidoleni

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa uwanjani hapa Nakuru na mama mkulima kutoka Njoro, siku yake ya kwanza kushika bunduki. Alifyatua risasi tano ndogo za .22 (kipenyo cha takriban inchi 0.22) kwa umbali wa mita 50, zikatawanyika ovyo kwenye karatasi. Akasema, "Mwalimu, ni macho. Nimezeeka." Nikamgeuzia mgongo, nikajifanya kupakia, nikamrudishia bunduki ikiwa tupu. Alipovuta triga ikalia "tak" tu, lakini mdomo wa mtutu ukainama kama jembe linaloingia ardhini. Alijionea mwenyewe.

Mwili hujiandaa kwa mshindo kabla haujatokea. Bunduki ya .22 haina teke la kutisha, ila mwili haujui hilo: bega linasukuma mbele, kidole kinanyakua triga, jicho linafumba. Ndiyo maana simwambii mtu "piga sasa." Ninamwambia akandamize triga kidogo kidogo kwa ncha ya kidole, ikirudi nyuma moja kwa moja, hadi mlio umjie bila kuutarajia.

Jicho lina kazi yake pia. Unalenga kwa vitu viwili vilivyo juu ya bunduki, pengo la nyuma na kijiti cha mbele, lakini jicho haliwezi kuviona vizuri pamoja na shabaha kwa wakati mmoja, kwa hiyo liache shabaha iwe na ukungu, uone kijiti cha mbele wazi kabisa. Wanafunzi hunibishia hapa, nami huwapigia hesabu. Kama kutoka pengo hadi kijiti ni sentimita 60, kijiti kikipotoka milimita 1 tu ndani ya pengo, kwa mita 50 risasi inakosa kwa zaidi ya sentimita 8. Kwenye karatasi ya mashindano ya umbali huo, hapo umeshatoka nje ya duara la mwisho.

Kuhusu pumzi: toa hewa, tua, fyatua ndani ya sekunde chache. Ukichelewa jicho linafifia. Ondoa kidole, pumua, anza upya. Hakuna aibu kuanza upya.

Kidole hichohicho ndicho kinachookoa maisha. Kikae nje ya triga, kimenyooka ubavuni mwa bunduki, hadi umeshalenga na umeamua. Kila bunduki ichukulie kuwa imepakiwa, hata kama mwenzako amekuapia kuwa ni tupu; ifungue uangalie chemba, pale risasi inapokaa, mwenyewe. Miaka iliyopita kijana mmoja aligeuka kuniuliza swali, na mtutu ukageuka naye, ukapita tumboni pangu. Chemba ilikuwa wazi, hapakuwa na risasi. Hata hivyo tulisimamisha mazoezi siku ile, nikakaa naye chini tukazungumza mpaka akaelewa kwa nini mikono yangu ilikuwa ikitetemeka.

Risasi ndogo ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na nyuma ya viwanja vyetu kuna mashamba na wachungaji. Pasipo na ukingo mrefu wa udongo, usifyatue. Mawe na maji huirusha risasi pembeni. Ukivuta triga isilie, usifungue haraka: elekeza mtutu kwenye shabaha, subiri sekunde 30, kwani baruti huweza kuchelewa kuwaka. Vizibo vya masikio na miwani, wakati wote. Na Sheria ya Silaha, Sura 114, inadai leseni. Jifunze kwenye uwanja halali chini ya mkufunzi, si kwa bunduki ya kuazima shambani.

Yule mama nilimwekea ganda tupu ndani ya chemba, maana nyingi za .22 huumia pini ya kufyatulia ikigonga chuma kitupu, na sarafu ya shilingi juu ya mtutu, ianguke mtutu ukitikisika. Sarafu ilianguka mara nyingi. Ilipokaa mara kumi mfululizo nikampa risasi tano. Matundu yote yangefunikwa na kikombe cha chai, ingawa yalikuwa kushoto mwa katikati. Alisikitika kukosa katikati; mimi nilifurahi kuona yamekusanyika. Nikachukua bisibisi, na kwa mara ya kwanza siku ile nikarekebisha pengo la nyuma.