Kuvua mshipi Tanga wakati wa kipupwe: tazama mwezi kabla ya upepo

Kila Julai napigiwa simu na watu wa Arusha na Moshi walio likizo: "Nahodha, tunakuja kuvua nguru." Jibu langu halibadiliki. Nguru msubirini upepo wa kaskazi uanze, Novemba huko. Sasa ni kipupwe, upepo wa kusi umeishika bahari, na mwenye ngalawa au boti ndogo hana alichokisahau nje ya miamba. Ila samaki wa kitoweo wapo, tena karibu. Kinachowaponza wengi ni kupima upepo peke yake wakasahau maji.

Kusi huwa inapungua usiku. Alfajiri unapata umande, kile kiupepo chepesi kinachotoka bara, na ghuba inalala kama uji uliopoa. Ikifika saa 3 au saa 4 asubuhi kusi inaamka, na adhuhuri inavuma kwelikweli. Kwa hiyo una saa tatu nne za kazi. Je, katika saa hizo maji yanajaa au yanapwa?

Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, hapa kwetu maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na kupwa kwenye saa 4 asubuhi. Maana yake muda wako wote wa utulivu bahari inatoka ghubani kwenda mashariki, zaidi ya mita 3 za maji zinashuka ndani ya saa sita. Kusi ikiamka inakutana na mkondo huo uso kwa uso. Pale mlangoni mwa ghuba wimbi halijikunjui tena. Linasimama, fupi, linafuatwa na jingine kabla chombo hakijainua omo, sehemu yake ya mbele.

Hilo nimelilipia. Asubuhi moja ya bamvua nilitia nanga mlangoni na mpwa wangu, changu wakila vizuri, nikawa najiambia bado kidogo, bado kidogo. Mara omo ikaanza kuzama. "Mjomba, maji yanaingia!" Kamba ya nanga imekaza kama waya na haivutiki, kwa kuwa mkondo unatusukuma huku na wimbi linatupiga kule. Nikaikata kwa kisu cha chambo. Nanga ile iko chini mpaka leo, na mpwa wangu ameniongezea chumvi kwenye hadithi kila Idi.

Tangu siku hiyo, kipupwe navua siku ya 10 na 11 ya mwezi mwandamo, na tena ya 25 na 26. Hesabu ni rahisi: maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku hizo, kabla ya bamvua, yanakuwa yamekupwa jua likichomoza. Unaanza kuvua yanapogeuka kujaa. Mkondo unaingia ndani, na kusi ikiamka nayo inasukuma ndani, hazigombani. Mkondo wenyewe bado haujapata nguvu zote, chubwi nyepesi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, inafika chini na unasikia samaki anavyodonoa. Zaidi ya yote, samaki wanayafuata maji kuingia mikokoni kutafuta chakula, nawe unawangoja njiani.

Mahali pa kungojea ni upande wa demani, yaani uliojificha na upepo: nyuma ya kisiwa cha Toten, au upande wa Yambe unaotazama bara, pale mchanga unapopakana na majani ya bahari. Chaa, changu, kolekole wadogo, ukibahatika chewa. Mwanzoni mwa msimu, mvua za masika zikiwa bado hazijasahaulika, Mto Sigi unamwaga tope ghubani. Usivue ndani ya tope wala usilikimbie mbali. Tafuta mstari ambapo maji ya kahawia yanakutana na ya kijani, utupe upande wa kijani.

Chambo changu ni mkono wa pweza. Kamba ni mtamu zaidi, nakubali, lakini samaki wadogo wanamnyofoa ndoana ikabaki tupu, na kwenye maji yenye vumbi huoni kinachoendelea. Pweza nampondaponda kwa gongo mpaka alegee, nakata vipande virefu kama kidole cha mtoto, nachoma ndoana mara moja tu upande mnene, ncha ikining'inia na kucheza. Kidole cha shahada navalisha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, maana asubuhi za Julai mikono inakufa ganzi na nailoni inakata bila wewe kujua.

Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya maji haya, kutoka karibu na Pangani mpaka kaskazini ya jiji, ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu 2009. Ulizia taratibu kabla hujatia chombo majini. Na hapana, silikanti, yule samaki adimu wa kale, hutampata kwa mshipi wako. Wale hunaswa na majarife, nyavu za papa zinazotegwa kwenye kina kirefu.

Saa 4 ikigonga, tazama kusini mashariki. Ukiona vichwa vyeupe vya povu nyuma ya Yambe, una kama nusu saa. Mimi hapo naanza kukunja, hata kama ndoo haijajaa.