Bibi Titi Mohamed: jinsi ya kuitunza kazi yake, si jina tu

Wengi Dar es Salaam wanamjua Bibi Titi kwa barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja. Wanaojua zaidi kidogo watakuambia alipigania uhuru pamoja na Mwalimu Nyerere. Maelezo mengi ya shuleni na ya sherehe za Machi 8 yanaishia hapo, bila kusema alifanya nini hasa. Kazi yake ilikuwa kuunganisha watu, na ilikuwa na utaratibu unaoweza kuelezwa. Naueleza hapa kwa ajili ya walimu na vikundi vya akina mama vinavyotaka kumuenzi kwa kukusanya kumbukumbu za mitaani kwao.

TANU, chama kilichoongoza kudai uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa Julai 1954 ikiwa karibu chama cha wanaume watupu. Mwaka uliofuata John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, alifika Dar es Salaam akauliza wanawake wako wapi. Viongozi wakahangaika kuwatafuta. Schneider Plantan ndiye aliyekwenda nyumbani kwa Bibi Titi, na mazungumzo yakaanza na mumewe, Boi Suleiman. Titi alikuwa na miaka 29, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Hicho cheo cha ngoma ndicho kinachorukwa na waandishi, nami naona ndicho ufunguo. Yeye na wenzake, akiwemo Tatu binti Mzee, waliwaendea kwanza viongozi wa vikundi vya lelemama na ngoma nyingine za akina mama. Fikiria kikundi kama hicho kilikuwa na nini tayari: kiongozi anayesikilizwa, michango, sare, na watu wa kupitisha habari nyumba kwa nyumba kukiwa na harusi au msiba. Tena wanachama wake walitoka makabila mbalimbali, wakielewana kwa Kiswahili. Kiongozi akikubali, kikundi kizima kinakuja, na shairi la kumsifu bibi harusi jana linageuzwa leo kuwa la kuisifu TANU. Ndani ya miezi michache ya 1955 wanawake 5,000 hivi walikuwa wamejiunga. Chama kisichokuwa na magari wala fedha kisingefika huko kwa kutegemea mikutano ya hadhara peke yake.

Baada ya kukata kadi kazi ilikuwa nyingi na haikuwa na jina kubwa: kukusanya fedha, kulaza na kulisha wageni wa chama, kuwaalika majirani mkutanoni. Bibi Titi mwenyewe alizunguka mikoani akihutubia, jambo geni kwa mwanamke wa Kiislamu wa pwani wakati ule. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, ulipoundwa mwaka 1962, yeye ndiye akawa mwenyekiti wa kwanza. Alikuwa pia mbunge na waziri mdogo.

Sasa sehemu ambayo sherehe nyingi huikwepa. Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi wa ubunge Rufiji. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha. Hakukubaliana na sharti hilo, akajiuzulu uongozi. Oktoba 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na aliyekuwa waziri, Michael Kamaliza, na wengine. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Potlako Leballo, mwanasiasa wa chama cha PAC cha Afrika Kusini. Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, akaachiwa mwaka uliofuata kwa amri ya Nyerere. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000.

Ukiiondoa miaka hiyo saba, wasikilizaji hawataelewa kwa nini mtu mkubwa kiasi hicho alipotea vitabuni. Huna haja ya kumtetea wala kumhukumu. Weka tarehe, mashtaka, hukumu na msamaha, kisha waache watu waulize. Ukitumia magazeti ya wakati huo, kumbuka kwamba Nationalist na Uhuru yalikuwa ya chama, na The Standard lilitaifishwa Februari 1970, miezi michache kabla ya kesi kuanza. Yanafaa sana kwa tarehe na majina, lakini kwa nia za watu yasome kwa tahadhari.

Sasa tuje kwenye kukusanya kumbukumbu za mitaani. Binti aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1955 leo anakaribia 90, kama yupo. Kwa hiyo mara nyingi utazungumza na mtoto wake au mjukuu. Hilo si tatizo, mradi uandike wazi nani aliona mwenyewe na nani alisimuliwa.

Kosa linaloharibu mahojiano mengi ni swali la kwanza. Ukimwambia bibi, "Shikamoo bibi, tueleze mchango wako katika siasa," atakujibu, "Marahaba mwanangu, mimi siasa siijui," na hapo umemaliza. Hasemi uongo: kwake siasa ni hotuba za wanaume. Muulize kikundi chenu cha ngoma kiliitwaje, nani alikuwa kiongozi wenu, sare ilikuwa kanga gani, mchango ulipelekwa kwa nani, kadi ulikatia wapi, mumeo alisemaje. Ataongea saa nzima.

Usiulize mwaka pia. Uliza ilikuwa kabla au baada ya jambo analolikumbuka kila mtu: kura tatu za 1958 na 1959 (uchaguzi ambapo kila mpiga kura alimchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu), uhuru, Mapinduzi ya Zanzibar, Azimio. Kwa vipande hivyo utapata kipindi kilicho sahihi zaidi ya mwaka wa kubahatisha.

Mwanaume wa nyumbani akikaa karibu, mara nyingi atajibu yeye. Mhojini bibi peke yake siku nyingine, kwa heshima, badala ya kumtoa mwanaume huyo sebuleni mbele ya wageni. Simu ya kawaida inatosha kurekodi: iweke kwenye hali ya ndege ili isilie, ilaze juu ya kanga iliyokunjwa isipokee mtikisiko wa meza, sentimita 30 hivi kutoka mdomoni, na uzime feni. Rekodi dakika moja uisikilize kabla ya kuanza. Sauti ya kwanza kwenye rekodi iwe tarehe, mahali, jina lake na ruhusa yake, pamoja na jibu la swali hili: je, jina litajwe au lifichwe?

Wimbo urekodi mara mbili. Kwanza aimbe mfululizo bila kukatizwa, kisha autamke mstari kwa mstari ili uandike. Mtu akiimba anameza silabi, na akitamka tu anasahau kiitikio. Ukiwa na moja bila nyingine utajuta.

Kadi za TANU zipige picha pande zote mbili, namba isomeke. Picha za zamani usizipeleke kutiwa laminesheni, maana joto na gundi huziharibu na hazibanduki tena. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, ukiwa umeilaza juu ya meza, kwa sababu wino wa kalamu hupenya hadi mbele.

Majina yatakusumbua kuliko yote. Mwanamke mmoja anaweza kuwa binti wa fulani kwenye kadi, mama wa fulani mtaani, na jina la mume kwenye hati ya nyumba. Tengeneza orodha yenye majina yote ya kila mtu kwenye mstari mmoja, la sivyo utahesabu watu watatu. Unapotafuta nyaraka za Bibi Titi mwenyewe, jaribu Mohamed, Mohammed na Muhammad.

Weka nakala tatu: moja kwa familia, moja kwenye diski yako, moja mahali ambapo wengine wataifikia, kwa mfano chumba cha Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Nyaraka za Taifa. Ulizeni kwanza wanapokea nini na kwa masharti gani, kisha mpeleke rekodi pamoja na karatasi ya ruhusa. Rekodi isiyo na ruhusa haitumiki, hata iwe nzuri vipi. Na nakala ya familia ipelekeni kwanza.