Maana ya Shahada ya Taaluma Mtambuka

Shahada ya taaluma mtambuka ni ile ambayo mwanafunzi wake hafungwi na fani moja, bali hutumia nadharia na mbinu za fani mbili au zaidi ili kulijibu swali ambalo fani moja pekee hailimalizi. Kutambuka ni kuinua mguu na kuvuka kitu kilicholala njiani, na hapa kinachovukwa ni mpaka kati ya idara na idara.

Tuchukue mikoko ya delta ya Rufiji. Mkulima anayeikata ili apande mpunga hutegemea mafuriko ya maji baridi yaisukume chumvi nje ya shamba, kisha hupambana na magugu na kaa wanaokata miche michanga, hadi baada ya misimu kadhaa analihama shamba na kufyeka kwingine. Kulielewa shamba hilo moja kunahitaji elimu ya udongo na maji, uchumi wa kaya, sheria za hifadhi ya misitu, na hata historia ya boriti zilizopakiwa majahazini kwenda Arabuni. Mwanasheria asiyejua habari ya chumvi anaweza kuandika katazo lisilotekelezeka, na mwanabayolojia asiyejua kaya hiyo inakula nini atamwona mkulima kuwa mharibifu tu.

Watu wengi huichanganya dhana hii na kusoma masomo mengi. Katika kande, hindi hubaki hindi na haragwe hubaki haragwe, ingawa vimepikwa chungu kimoja. Ndivyo ilivyo programu inayompa mwanafunzi kozi tatu za uchumi na tatu za jiografia bila kumfundisha popote namna ya kuziunganisha. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuipima programu yoyote: je, ina kozi ya mbinu za utafiti inayounganisha fani zake, na je, tasnifu husimamiwa na walimu wa idara zaidi ya moja?

Fikra hii si ngeni kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha taasisi ya taaluma za maendeleo mwaka 1973, na kozi ambayo wanafunzi huiita DS (Development Studies, yaani taaluma za maendeleo) imewakutanisha watu wa sheria, sayansi na uhandisi, ili anayejifunza kujenga daraja aijue pia jamii itakayolivuka. Kozi moja, hata hivyo, haifanyi shahada nzima kuwa mtambuka.

Anayefikiria kuisoma aanze na tahasusi yake ya kidato cha sita, kwa kuwa aliyesoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) anaweza kukosa sifa pale programu inapodai baiolojia au kemia. Anayetaka kusajiliwa kuwa mhandisi, daktari au wakili asome fani hiyo yenyewe, maana bodi za taaluma hutazama shahada mahususi. Matangazo ya ajira nayo hutaja fani kwa majina, mara nyingine yakiongeza maneno “au fani zinazofanana na hizo”, na mhitimu wa taaluma mtambuka atalazimika kuonyesha, kwa kozi na tasnifu yake, kwamba maneno hayo yanamhusu. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu ya udahili, ni vyema kwenda maktaba ya chuo, kuomba tasnifu mbili tatu za waliotangulia, na kuisoma sura ya matokeo: kama uchumi umekaa ukurasa wake na ikolojia ukurasa wake, bila kugusana, jibu limeshapatikana.