Muuzaji wa Mnada Mtandaoni Akikutaka Ulipe kwa Njia ya Pembeni

Muuzaji akikuomba ulipe nje ya mfumo wa mnada, usipoteze muda kupima sababu anayoitoa. Sababu huwa nzuri sikuzote: akaunti ina hitilafu, makato ni makubwa, yuko safarini. Jiulize hivi: mzigo usipofika, nani anaweza kuirudisha pesa hii?

Kwa PayPal, huduma ya kulipa mtandaoni, jibu liko kwenye chaguo moja tu. Ukilipa kama bidhaa na huduma, una siku 180 za kufungua malalamiko. Ukilipa kama marafiki na familia, ulinzi wa mnunuzi haupo, hata kama muuzaji amekupunguzia bei kidogo ili ukubali. eBay, tovuti ya minada, hawaruhusu kabisa malipo ya Western Union au MoneyGram, kampuni za kutuma pesa taslimu, na dhamana yao ya kumrudishia mnunuzi pesa haigusi pesa iliyolipwa nje ya tovuti. Kadi za zawadi na Bitcoin hazistahili hata mjadala: namba ikishatumwa au muamala ukishathibitishwa, basi.

Ombi linalowanasa hata watu makini ni hili: "Tuma pesa kwa jina la ndugu yako, halafu nipigie picha risiti nijue kweli unazo." Mnunuzi anaona hana cha kupoteza, kwa kuwa mpokeaji ni mtu wake. Lakini risiti hiyo ina jina la mtumaji, jina la mpokeaji, kiasi, na namba ya muamala, ambayo kwa Western Union ni tarakimu 10. Tapeli anatengeneza kitambulisho bandia chenye jina la ndugu yako, anakwenda dirishani, anachukua. Usitume picha ya risiti, hata ukiwa umefunika sehemu.

Akipendekeza kampuni ya kushikilia pesa mpaka mzigo ufike, usibonyeze kiungo chake. Kampuni itafute mwenyewe. Na ukishindwa mnada kisha ukaandikiwa barua pepe kwamba mshindi amejitoa na sasa unaweza kununua wewe, ingia kwenye akaunti yako ya eBay: ofa ya kweli utaikuta kwenye ujumbe wa humo ndani.

Sifa nzuri za muuzaji zisikutulize sana. Akaunti iliyouza vitabu miaka mingi ikianza ghafla kuuza magari, huenda imeibwa.

Umeshatuma? Piga simu sasa hivi kwa kampuni uliyotumia au benki yako, uombe muamala uzuiwe. Pesa ambayo haijachukuliwa bado inaweza kusimamishwa. Ukishapiga, ndipo uhifadhi mazungumzo yote na kuripoti akaunti ya muuzaji.