Uingizaji wa muda wa gari, na miezi sita isiyo yako

"Gari lina namba za nje, kwa hiyo nina miezi sita." Kauli hii nimeisikia kwa waliohamishwa kikazi, kwa waliowafuata wenza wao ng'ambo, na juzi kwa mtu aliyekuwa akiwashauri wenzake wanaojiandaa kuhama. Waliomsikiliza wakaitikia kwa vichwa. Miezi sita ya kutumia gari la nje bila kulisajili wala kulilipia ushuru ipo, sikatai. Ila hapo imepewa mtu asiyehusika nayo, na ndivyo watu waangalifu katika kila jambo lingine wanavyokuta gari limezuiliwa na hesabu ya ushuru inawasubiri mezani.

Maana kwanza. Uingizaji wa muda ni utaratibu wa forodha unaoruhusu gari lililosajiliwa nchi moja litumike katika nchi nyingine bila kulipiwa ushuru na bila kusajiliwa upya, kwa sharti kwamba baada ya muda litatoka. Huo ndio unaomwezesha mtalii kuvuka mpaka na gari lake bila kulinunua mara ya pili. Maana yenyewe ni hiyo tu, haina fumbo.

Kinachonikera ni swali la nani. Watu husoma neno "muda" wakadhani sheria inaliangalia gari peke yake: limeingia lini, litatoka lini. Wengine huangalia pasipoti: mimi ni mgeni hapa, gari langu nalo ni geni, basi tunaruhusiwa wote wawili. Sheria inauliza jambo la tatu kabisa. Inauliza mwenye gari anaishi wapi.

Hili si tafsiri yangu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataja masharti matatu ili gari lihesabiwe kuwa liko katika safari ya kimataifa. Mwenye gari awe na makazi yake ya kawaida nje ya nchi hiyo. Gari lisiwe limesajiliwa katika nchi hiyo. Na liwe limeingizwa kwa muda. Yote matatu kwa pamoja, na la makazi limetangulia. Kabla yake, mkataba wa forodha uliotiwa saini New York tarehe 4 Juni 1954, unaohusu uingizaji wa muda wa magari binafsi, ulikuwa umeshaweka msingi huo huo: nafuu ni ya watu wenye makazi yao ya kawaida nje ya nchi wanayoingia. Pitia masharti hayo yote, neno raia hulikuti.

Kwa hiyo siku unapohamia, yaani umepanga nyumba, umeanza kazi na watoto wameandikishwa shule, sharti la kwanza limeanguka. Halisubiri mwezi wa sita. Mtalii aliyeingia siku moja nawe, kwa gari la aina moja na namba za nchi moja, anaweza kuwa sawa kisheria kwa miezi yake yote, na wewe usiwe sawa hata mwezi wa kwanza. Nchi nyingine humpa aliyehamia kipindi kifupi cha kukamilisha usajili, nyingine hazimpi kitu. Uingereza, kwa mfano, humruhusu mgeni kutumia gari lenye namba za nje hadi miezi sita ndani ya miezi 12, lakini mkaazi wa Uingereza kwa kawaida haruhusiwi kuliendesha kabisa, awe raia wa nchi gani.

Kesi inayolionyesha jambo hili vizuri kuliko zote ninazozijua iliamuliwa na Mahakama ya Ulaya tarehe 23 Aprili 1991. Raia wa Denmark alikuwa amehamia Ujerumani. Alipata kazi huko, akapata nyumba huko, akanunua gari na kulisajili huko huko. Baadaye akawa na mpenzi upande wa Denmark, na kwa zaidi ya mwaka mmoja akawa analala kwake karibu kila usiku na kushinda kwake kila mwisho wa wiki. Asubuhi anarudi Ujerumani kazini. Serikali ya Denmark, ambayo kodi yake ya usajili wa magari ni miongoni mwa zilizo kubwa kabisa Ulaya, ikasema huyu amesharudi nyumbani, basi na gari lilipiwe. Mahakama ikasema kulala kwa mpenzi, hata kwa mwaka mzima, peke yake hakutoshi kuonyesha kwamba mtu amehamisha makazi yake ya kawaida, maadamu kazi na nyumba yake vimebaki kule kule.

Mtu huyu alikuwa raia, yumo ndani ya nchi yake mwenyewe, anaongea lugha yake, na bado gari lake lilistahili kutendewa kama la mgeni. Mgeuze sasa: Mjerumani aliyehamia Denmark na kuajiriwa huko, pasipoti yake ya Kijerumani haimsaidii hata kidogo gari lake lisisajiliwe. Uraia haukumwangusha wa kwanza na hautamwokoa wa pili.

Makazi ya kawaida hupimwaje? Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, na sishangai watu wakikimbilia hesabu rahisi. Agizo la Jumuiya ya Ulaya (leo Umoja wa Ulaya) la mwaka 1983, namba 83/182, lilisema ni mahali mtu anapoishi kwa kawaida, yaani angalau siku 185 katika kila mwaka wa kalenda, kwa sababu ya mafungamano yake binafsi na ya kikazi. Namba hiyo 185 imezaa uzushi wake. Wapo wanaodhani ni siku za kupumua, kwamba siku ya 184 hujawa mkaazi na ya 185 umekuwa. Lakini agizo linazungumzia mahali maisha yako yalipo mwaka hadi mwaka. Aliyehamisha familia na kusaini mkataba wa kazi wa kudumu hawezi kusimama mbele ya afisa akasema bado anahesabu siku.

Agizo hilo hilo lina upande mwingine ambao wanaohama kikazi hawaujui, na unawafaa. Kazi ikiwa nchi moja na familia nchi nyingine, makazi ya kawaida huhesabiwa kuwa pale palipo na familia, mradi mtu anarudi huko mara kwa mara. Na akiwa ametumwa kufanya kazi yenye mwisho unaojulikana, sharti hilo la kurudi mara kwa mara nalo huondolewa. Kusoma chuo au shule pia hakumaanishi kwamba mtu amehamisha makazi. Kwa hiyo si kila anayepokea mshahara ugenini ni mkaazi wa huko. Mhandisi aliyetumwa nchi jirani ndani ya Umoja wa Ulaya kwa mradi wenye tarehe ya mwisho, mke na watoto wamebaki, ana hoja nzito. Jirani yake wa ghorofani aliyehama na kila kitu chake hana, hata kama wote wawili hujiita wafanyakazi wa nje. Nje ya Ulaya vipimo hubadilika, lakini swali linabaki lile lile.

Tukimaliza hilo, ujanja wa mpakani hauna haja ya maneno mengi. Unajulikana: mwezi wa sita unakaribia, unavuka upande wa pili, unakunywa chai, unarudi, saa inaanza upya. Kwa asiyekuwa mkaazi haufanyi kazi popote panapofuatwa kiambatisho cha magari cha Mkataba wa Istanbul wa 1990 kuhusu uingizaji wa muda, kwa sababu miezi sita hiyo huhesabiwa iwe mfululizo au vipande vipande ndani ya kila miezi 12. Mkataba wa Vienna nao unairuhusu nchi kukataa kulitambua gari lililokaa zaidi ya mwaka bila kukatiza kwa kiasi cha kutosha, na kiasi hicho nchi hujipangia yenyewe. Kwa aliyekwisha kuwa mkaazi, chai ya mpakani ni chai tu.

Kuna na la kuazimana. Umeingia kihalali, unaishi nje kweli, umekuja kumtembelea dada yako aliyehamia huko. Anakuomba gari aende sokoni. Agizo lile la Ulaya lilikataza waziwazi gari lililoingizwa kwa muda kuazimwa kwa mkaazi wa nchi hiyo, au kukodishwa, au kuhamishiwa mtu mwingine humo. Nchi nyingine huruhusu kwa masharti, kwa mfano mwenye gari awemo ndani. Ukiielewa nafuu kuwa imefungwa kwenye makazi ya mtu, katazo hili halikushangazi. Ukidhani imefungwa kwenye kibao cha namba, utaliona ni uonevu.

Nikitaja kibao, herufi zile za nyuma ya gari ndani ya duara la yai, D kwa Ujerumani, F kwa Ufaransa, nazo husomwa vibaya. Zinataja nchi ilikosajiliwa gari, si utaifa wa anayeliendesha. Uingereza ilipobadilisha GB kuwa UK tarehe 28 Septemba 2021 hakuna dereva aliyebadilishiwa uraia. Na kabla mtu hajaniletea mfano wa wanadiplomasia: Mkataba mwingine wa Vienna, ule wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, unawapa msamaha wa ushuru kwa vitu vyao binafsi, gari likiwamo, lakini namba maalumu wanazotumia kwa kawaida hutolewa na nchi iliyowapokea. Gari la balozi mara nyingi limesajiliwa hapo hapo alipo. Si mfano wa namba za nje.

Kwenye nchi zinazodai dhamana, gari huingia na kijitabu kinachoitwa Carnet de Passages en Douane, kinachotolewa kupitia vyama vya wenye magari. Hugongwa muhuri wa kuingia na muhuri wa kutoka. Muhuri wa kutoka ukikosekana, forodha hudai ushuru kwa chama kilichodhamini, na chama humrudia mwenye gari. Nakitaja kwa sababu wengi hukiona kama pasipoti ya gari. Ni dhamana ya deni litakalozaliwa iwapo gari halitatoka, na kuwa nacho hakumgeuzi mkaazi kuwa mpita njia.

Upande wa pili wa mpaka nako kunaoza taratibu, na huku ndiko watu hawaangalii. Gari linaloendelea kubeba namba za nchi uliyohama linaendelea kufungwa na sheria za nchi hiyo. Bima iliandikwa kwa mtu anayeishi kule. Ukihama bila kutoa taarifa, siku ya ajali kampuni ina sababu ya kukuuliza maswali. Kadi ya Kijani, iliyoanza kutumika mwaka 1953 (na ambayo tangu Julai 2020 inaweza kuchapishwa kwenye karatasi nyeupe, ijapokuwa bado inaitwa ya kijani), huthibitisha kwamba una bima ya madhara kwa watu wengine ukiwa nchi nyingine. Haithibitishi kwamba una haki ya kuwa huko na gari. Ukaguzi wa lazima nao huisha muda. Ule wa Uingereza, MOT, haufanyiki nje ya nchi, na gari likitolewa kwa miezi 12 au zaidi mamlaka ya usajili lazima iarifiwe kwamba limeondoka moja kwa moja. Matokeo yake ni gari lisilo na kwao: kule halina ukaguzi wala bima ya kuaminika, huku halijasajiliwa.

Na sasa nafuu ambayo aliyehama alipaswa kuitafuta tangu mwanzo. Haiitwi uingizaji wa muda. Ni msamaha wa ushuru kwa anayehamisha makazi, na ni mlango tofauti kabisa, wa gari linaloingia ili libaki. Kwa anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya kuhamia ndani yake, kanuni namba 1186/2009 inataka awe ameishi nje kwa miezi 12 mfululizo, gari awe amelimiliki na kulitumia kwa angalau miezi sita kabla ya kuhama, na kwa miezi 12 baada ya kulipitisha forodha asilikodishe, asiliazimishe wala kuliuza bila kutoa taarifa kwanza. Hata hapa kuna miezi sita, na nashuku ndiyo inayochanganywa. Lakini ni ya nyuma, ya kulitumia gari kabla ya safari. Wala msamaha huo haufuti usajili: namba mpya utachukua, na kodi ya usajili ni suala la kila nchi.

Kanuni hiyo ina tarehe ya mwisho. Isipokuwa kwa sababu maalumu, gari lipitishwe forodha ndani ya miezi 12 tangu makazi yalipohamishwa. Anayekaa kimya kwenye namba za nje, akijiona yumo ndani ya uingizaji wa muda ambao haukumhusu, anaila miezi hiyo bila kujua, kisha anafika forodhani na gari ambalo lingeingia bila ushuru, likiwa sasa linadaiwa wote. Kwa aliyehama, miezi ya kuhesabu ni hiyo 12, na huanza siku aliyohamia, si siku gari liliposhushwa bandarini.