Paparazi ni nani haswa, na nani anamlipa?

Siku hizi kila mwenye kamera anaitwa paparazi, hata kijana anayepiga picha za harusi hapa Langoni, Lamu, na huyo si paparazi hata kidogo manake mwenye harusi kamwita mwenyewe, kampa pesa yake, kajipamba ndo akasimama mbele yake. Paparazi ni yule anayemvizia mtu maarufu akiwa hajui au hataki, anaogelea, anagombana na mumewe, anamnunulia mtoto aiskrimu, halafu ile picha anaiuza. Jina lilitoka kwa Paparazzo, mpiga picha kwenye filamu ya 1960 ya Fellini, mwongozaji filamu wa Italia.

Kuuza ndo kwenyewe. Picha ya staa kwenye zulia jekundu haina bei kubwa kwa sababu kila mtu anayo, lakini huyo huyo akiwa ufukweni bila mekapu na mwanamume asiyejulikana, na wewe peke yako ndo unayo, magazeti ya udaku yatagombania. Ndo maana mtu anakubali kukaa juani kutwa nzima na lenzi ya 600mm, ile inayovuta vya mbali vikaonekana karibu. Tazama nyumba zetu za kale hapa Lamu, ukuta mnene, daka mlangoni, mgeni anaishia pale apige hodi na ndani haoni kitu, lakini nyumba za ufukweni kule Shela baraza za juu zimefunguliwa baharini kwa ajili ya upepo, na mwenye lenzi kama hiyo akiwa kwenye boti hana haja ya hodi.

Princess Caroline wa Monaco alilipeleka jambo hili mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya akashinda 2004, wakasema picha za shughuli zake za kila siku hazina faida yoyote kwa mjadala wa umma. Mwaka 2013, kwa kesi ya picha nyingine, akashindwa, manake gazeti lilikuwa linaeleza matajiri wanavyopangisha nyumba zao za likizo, ikiwemo ya familia yake iliyo kisiwani huku pwani ya Kenya, na hiyo ikaonekana ni habari. Kwetu katiba ya 2010, ibara ya 31, inalinda faragha ya kila mtu, awe staa asiwe staa.

Princess Diana wa Uingereza alipokufa Paris tarehe 31 Agosti 1997, huku mapaparazi wanaifukuza gari yake, watu walilia na kuwatukana wapiga picha, na inaniuma mpaka leo kwamba wengi wa hao waliolia ndo walikuwa wanunuzi wa yale magazeti, na jopo la mahakama Uingereza 2008 likalaumu uendeshaji wa dereva wake pamoja na wa magari yaliyokuwa yanawafuata.

Sasa hivi gazeti halinunuliwi sana, unabonyeza tu, unaforwadi kwenye grupu la WhatsApp, na kila anayefungua ukurasa ule tangazo linahesabiwa na mtu analipwa. Kwa hivyo staa akija Lamu ukamuomba mkapiga selfi, hiyo ni halali yako, lakini ukimfuata mpaka mezani anakula na familia yake, simu umeificha nyuma ya menyu, ukaposti upate views, mimi nakuita paparazi hata kama hujauza kwa gazeti lolote.